Debe la Chumvi la Shangazi

Dada Anjela, shikamoo. Nipo Babati kwa shangazi, mvua hainyamazi na matope yamekula kiatu changu.

Tangu nifike nakula maharage yasiyo na chumvi. "Mji mzima hakuna, mwanangu," shangazi ananiambia kila siku. Leo fundi gari wa hapo jirani alikuwa anachomelea injini, ile metali yake nyepesi iitwayo magnesi ikashika moto mweupe wa kuumiza macho. Mtu akaumwagia ndoo ya maji. Mama yangu! Ulilipuka ukaruka mpaka karibu na paa letu.

"Maji hapana!" fundi akapiga kelele. "Leteni mchanga mkavu, au chumvi!"

Mchanga mkavu kwa mvua hii? Shangazi akaingia chumbani, akatoka amekumbatia debe la chumvi, akalimwaga lote. Moto ukafunikwa, ukafa. Majirani wakamkodolea macho yeye.

"Mnatazama nini? Niliiweka kwa ajili ya moto."

Wasalimie watoto, nimewakumbuka sana. Ukibahatika kupata sabuni, nifichie kipande.

Jioni hii maharage yamekolea chumvi. Sijauliza imetoka debe gani.

Mdogo wako,
Yohani