Mgeni Asiye na Utumbo

Dada Zainabu,

Shikamoo kutoka Newala, kwenye baridi na mabomba makavu. Wasiwasi umenijaa. Yule chaza wa kilindini niliyeazimwa chuoni nije kuwaonyesha wanafunzi, chupa yake imevuja spiriti yote njiani kutoka Masasi. Akikauka, ngozi ya kahawia ya gamba lake itapasuka na kano la mgongoni litakatika. Kano hilo kukaa nje ya gamba ndiko kunakoitambulisha jenasi yake.

Mwenyeji wangu, Mama Hadija, aliuliza anakula nini. Nikamjibu hana utumbo. Anaishi kwenye matope yanayonuka kama yai viza, na bakteria waliomo ndani ya matamvua yake ndio wanaomlisha.

"Kama hali, basi asife kiu," akasema. Akammiminia maji yake yote ya udhu, kisha akatayamamu kwa udongo, akaswali adhuhuri.

Spiriti nyingine itafika kesho. Wabusu wanao, uniombee. Alasiri inakaribia, Mama Hadija anatafuta tena udongo safi, na bado sina mdomo wa kumwambia kwamba chaza huyu alikufa zamani.

Mdogo wako, Mwanaidi