Kopo la Bluu Linalokuja Badala Yako

Mpendwa Zubeda, mwenzangu wa dawati moja,

Mzigo wako umefika, nami nimechoka. Sijachoka na wewe. Nimechoka na chai.

Leo tena kondakta amesimama mlangoni mwa basi hapa Chanika akapaza sauti: "Dada wa majani! Korogwe wamekukumbuka!" Stendi nzima ikageuka. Unanijua nilivyo. Nikalichukua kopo nikaondoka, hata asante nikasahau.

Tulipomaliza kidato cha nne, ukaenda Korogwe kumsaidia shangazi yako mgahawani. Uliniambia, "Nikizoea tu, nakuja tukae wiki nzima." Badala yako likaja kopo la bluu, limejaa majani ya chai ya kwenu milimani. Nilifurahi mpaka nikalia. Ulikumbuka kwamba kwetu tunachemsha mchaichai tu.

Lakini unamjua mama. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu, mwanangu." Nikajaza ufuta, nikalirudisha. Na kwa shangazi yako desturi ni hiyohiyo, basi ukaleta tangawizi na chujio. Nikajaza kunde, ukaleta iliki. Nikajaza karanga, ukaleta na vikombe viwili vya maua, kimoja changu, kingine chako "siku nikija".

Chako kiko kabatini, kimefunikwa kifudifudi. Juzi mgeni alitaka kukinywea, nikamnyang'anya. Mimi, ninayeamkia watu nikiangalia chini! Mama alicheka: "Kumbe mdomo unao!"

Zubeda, sikukuu ya Idi ulisema mgahawa una watu. Wakati wa mavuno ulisema shangazi anaumwa mguu. Kila udhuru wako unakuja unanukia iliki. Nitakugombezaje huku nakunywa zawadi yako?

Darasani nilikuwa nakunong'oneza jibu, wewe unanyoosha mkono: "Mwalimu, jibu ni lake, sauti ni yangu." Darasa linacheka, na mimi nacheka. Siku hizi inaweza kupita siku nzima sijasema kitu zaidi ya hodi na karibu. Saa nyingine nawaza kwamba umepata mwenzako mwingine huko, na kopo hili ni njia yako ya kuniaga kwa upole. Kama ndivyo, njoo unitamkie mwenyewe.

Kesho kopo linapanda basi. Mama ameniachia mbaazi nijaze. Sijazi. Nimeliosha, nimelikausha, linarudi tupu. Hata barua hii siitii ndani. Nitampa kondakta mkononi na kumtajia jina lako kwa sauti, stendi nzima isikie.

Shangazi yako atafungua aulize, "Huyu ni mtoto wa watu gani?" Utaona aibu kwa ajili yangu, halafu utakasirika sana.

Vizuri. Panda basi uje unigombeze. Utakuta maji yanachemka.

Ni mimi, mwenye majibu, ninayeidai sauti yangu.