Dada Bado Ananizidi Mzunguko Mmoja

Shangazi wa gazeti, shikamoo, na naomba usinione mtu wa kukusumbua kwa jambo dogo, maana wenzangu kazini wakisikia nimekuandikia kuhusu kukimbia watacheka mpaka wadondoshe sindano. Wao wananiuliza siri. Kila siku mmoja anakuja kwenye cherehani yangu, ananishika kiuno, ananiambia, "Umependeza, hebu tuambie unapata wapi moyo wa kuamka kila asubuhi, sisi tunaanza Jumatatu, Jumatano tumeshaacha," na mimi nacheka nawaambia ni maji tu, kunyweni maji. Nawadanganya. Wewe nitakuambia ukweli halafu uniambie nifanyeje, kwa sababu naogopa na sina wa kumwambia.

Mimi nashona sare za shule, suruali za kaki na mashati meupe, mwaka mzima ni rangi hizo mbili tu. Dada yangu alikuwa mkataji kwenye karakana hiyohiyo, yeye anachora na kukata, mimi naunganisha, na miaka kumi na sita tulifanya kazi hivyo, tumekaa kitako, tunakula vya kukaanga na kuteremshia soda, mpaka nesi alipotupima presha wote wawili siku moja, akaangalia kile kipimo, akatuangalia na sisi, akasema, "Mtatembea nyie au mtabebwa?" Dada hakuona mzaha. Kesho yake akaanza kupanga chakula, nusu ya bakuli mboga, kidogo maharage au samaki, wali wa kuonja, tunda pembeni, na akawa ananifungia na langu kabisa maana alijua nikiachiwa mwenyewe nitateleza, na saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu ameshafunga viatu, anaita, "We mtoto, toka."

Tulikimbia kuzunguka uwanja wa mpira ulio nyuma ya karakana, kila mtu kwa mwendo wake, na kwa kuwa mimi hesabu inanipotea, dada akaleta mambo ya kazini, akasema tutumie chaki za fundi. Kila ukimaliza mzunguko unapita kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo unapiga mstari bila kusimama, mimi chaki nyeupe, yeye ya buluu. Yeye ni mashoto, kwa hiyo mistari yake ililala upande wake wa peke yake, na tena ilikaa juu ya yangu kwa sababu alinizidi urefu kiganja kizima. Tukimaliza tunafuta kwa kipande cha kitambaa. Na hakuwa mtu wa kukubali kuzidiwa, Shangazi, hata na mimi mdogo wake, ukimpita mstari mmoja anarudi uwanjani kuufuata.

Sasa hili sijamwambia mtu. Asubuhi moja, miezi saba iliyopita, alisema leo tuishie nane, kifua kinambana. Mimi katika maisha yangu sijawahi kumshinda dada kwa lolote, si shuleni, si kazini, si kwa mama, na shetani gani alinipitia sijui, nilipofika ukutani mara ya nane nikapiga mistari miwili badala ya mmoja, nikakaa chini kwenye nyasi nikamngoja. Alipofika akapiga wa nane, akahesabu, akasema, "Kumbe umenipita leo." Alikuwa ameshika kifua. Nilimwona ameshika kifua, na nilitaka kusema ni utani, na sikusema, nilitaka nishinde hata kwa dakika tano, na yeye akageuka akaenda. Alianguka nyuma ya goli la mbali. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa mgonjwa siku nyingi. Lakini watu walipokuwa wanakimbilia huko kumnyanyua, unajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nafuta ukuta.

Wiki tano baada ya mazishi nilirudi uwanjani peke yangu. Nilikimbia mzunguko wa kwanza nikapiga mstari mweupe, wa pili nikapiga, na niliporudi na wa tatu nikakuta juu ya mistari yangu kuna minne ya buluu, imelala upande wake. Uwanja ule hauna kichaka wala ukuta mwingine, mtu akiwepo unamwona. Hakukuwa na mtu. Nikakimbia wa nne ili tulingane, nikakuta mitano. Tangu siku hiyo ni hivyohivyo, sijaona akichora, ila kila nikifika ananizidi mmoja. Nikiwa upande wa goli la mbali huwa nasikia viatu vyake, kile cha kulia kilikuwa kimeachama kisigino, kinapiga pa, pa, na nikigeuka napata nyasi tu. Nikaona huenda nina uzito, nikapunguza wali, kisha nikaacha, kisha maharage, sasa nakula matango na chai ya rangi, na kutoka mizunguko minane nimefika ishirini na sita. Ndiyo hiyo siri yangu wanayoitaka. Nguo zote nimezipunguza mara mbili, kucha zinakatika, nywele zinabaki kwenye kitana, na wiki jana nilianguka kwenye meza ya kupigia pasi nikaungua kiwiko.

Usiseme ni akili yangu. Mzee anayekata nyasi pale uwanjani aliniambia juzi, "Mama, mnajitahidi, lakini mwambie mwenzako apumzike, anahema vibaya." Nilimuuliza mwenzangu yupi, akaniangalia kama namtania, akawasha mashine yake. Chaki ya dada mimi sijaiona tangu siku ile aliyoanguka. Na kitu kingine kidogo tu, nikioga kidole gumba cha kushoto kinatoa rangi ya buluu, nadhani ni vitambaa vya kazini.

Kinachonifanya niandike ni binti yake. Ana miaka ishirini na mbili, anashona vifungo hapohapo karakana, na ameanza kuniomba, "Mama mdogo, na mimi nichukue twende wote, nataka kukimbia alipokuwa anakimbia mama." Nimemkatalia mara tatu na mara ya tatu nimemfokea, akalia. Akija atauona ukuta. Na yeye ana roho ya mama yake, akiona mama yupo mbele atamfuata. Niambie, Shangazi, niache kukimbia? Nikiacha, dada ataenda wapi, na ana nani mwingine? Au niongeze mpaka nilingane naye, tuishie sawa, anisamehe?

Mimi, Mdogo Wake

SHANGAZI ANAJIBU

Mdogo Wake, marahaba, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwenda kufunga mlango wa ofisi, kwa hiyo usidhani nakuandikia huku nacheka.

Tuanze na mwili, maana huo hauna subira. Mtu anayekimbia mizunguko ishirini na sita kwa matango na chai si mfano kwa yeyote, na wenzako wanaokushika kiuno wanashika mifupa. Dada yako alikufungia bakuli lenye kila kitu kwa mkono wake miezi na miezi, na wewe umelitupa, halafu unaniambia unamfuata yeye? Leo kabla hujalala uwe umekula bakuli lake, na wali ndani. Kesho nenda kwa yule nesi mwenye ulimi, umwonyeshe kiwiko na kucha, umwambie ulianguka. Kukimbia simama mpaka akuruhusu. Hapo sibembelezi.

Sasa kidole gumba. Mama, wewe ni fundi, na umeniandikia mwenyewe kwamba mwaka mzima unashona kaki na nyeupe. Buluu inatoka wapi? Chukua suruali yako ya kukimbilia, tia mkono kwenye mfuko wa kushoto, ule ambao wewe mtu wa mkono wa kulia huutumii. Huenda siku ile ulipokuwa unafuta ukuta uliokota na chaki. Mtu aliyeshikwa na hofu hufanya mambo na asiyakumbuke, na mtu anayejihukumu hupata njia ya kujiadhibu hata mkono mmoja usijue wa pili unafanya nini. Ukiikuta, usipige kelele, kaa chini, lia, halafu mpe binti yake ikae naye. Usipoikuta, shauri langu ni lilelile. Mzee wa nyasi siwezi kumjibia, na sitajaribu.

Umekosa, na sitakupaka mafuta. Ulimwona ameshika kifua ukanyamaza. Lakini daktari alikuambia moyo ule uliumwa siku nyingi, na asubuhi ile wewe ulitaka utani wa mdogo kwa mkubwa, hukutaka kifo. Yote mawili ni kweli, na itabidi uishi nayo yote mawili. Usichoweza kuendelea nacho ni kufuta. Uliufuta mstari ule siku ile, na mpaka leo unaufuta kila ukicheka na kusema ni maji. Mwite binti, mchana, nyumbani, baada ya kula, umwambie yote, ya mistari miwili na ya kitambaa. Anaweza kukasirika, hata akakununia mwezi mzima. Mwache anune. Yeye ndiye wa kukusamehe, maana yeye ndiye aliye hai na ndiye anayebisha mlangoni kwako.

Nesi akikuruhusu, na binti akitaka, nendeni pamoja. Mizunguko minne, mwendo wa kuongea. Yeye asiongeze kwa sababu ya mtu yeyote, na wewe ndiye wa kumzuia. Wenzako wanakuuliza siri ya moyo wa kuamka kila asubuhi kana kwamba unayo, na huna, ulichonacho ni woga. Moyo wenyewe ni mtu mlangoni anayesema "toka", na bakuli ambalo mtu amekufungia. Dada alikupa vyote viwili. Sasa zamu yako kumpa binti yake.

Mkimaliza wa nne, piga mistari yako minne kwa chaki nyeupe, na binti apige yake. Halafu inua macho. Ukikuta juu mitano ya buluu imelala upande wake, usirudi uwanjani. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote, na wewe ulijua. Mshike binti mkono, mrudi nyumbani mle, na ukuta msiufute.

Mwache dada yako ashinde.