Leo Nimemfunga Atu Mpira wa Kikapu wa Kwenye Simu

Alhamisi, Ngonga, Kyela. Mvua tangu alfajiri.

Mugonile nyote mnaosoma hapa. Mkono wangu umezoea barua, siwezi kuanza bila salamu. Sisi hatujambo. Baba Atu mzima, kile kifua kimemwachia. Mama mkwe mzima, anakula vizuri na kugomba vizuri. Wifi yangu Subilaga, yule aliyeolewa Ikombe kwa wafinyanzi, alikuja Jumatatu kwa mtumbwi na vyungu vyake vya kuuza, naye mzima. Mbuzi amezaa mapacha, wazima wote. Anayekosekana ni Atu, binti yangu, yuko Dodoma anasomea uuguzi. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, ili wasiwasi wangu niwe nauandika badala ya kumpigia simu mara sita kwa siku.

Mara sita ni kweli. Sikatai.

Sasa habari yenyewe. Atu aliniwekea kwenye simu gemu la mpira wa kikapu. Tunacheza mimi na yeye kila siku saa kumi na moja jioni, nikiona amecheza najua ni mzima, basi, simpigii. Kila mtu anarusha mipira kumi, zamu kwa zamu. Juzi Jumapili akasema likizo hii fupi hatakuja, safari ni ndefu, atapumzika Morogoro kwa akina rafiki yake. Nikanyamaza. Anajua nikinyamaza kinafuata nini, akacheka, akasema, "Basi mama, ukinifunga hata mara moja kabla ya Ijumaa, nakuja Kyela."

Mimi sijawahi kumfunga Atu. Hata kumkaribia.

Jumatatu nilipata vikapu viwili, yeye tisa. Naandika ukweli: nilikuwa narusha kwa hofu, haraka haraka, kama nafukuza ngedere kwenye mahindi. Usiku nikawa nahesabu siku zilizobaki.

Jumanne asubuhi nikataka kufanya mazoezi, simu ikaniandikia kwamba hakuna intaneti. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma polepole. Chini yake nikasoma: unganisha Wi-Fi. Mwili ulinisisimka. Simu imejuaje kwamba wifi yangu amekuja? Nikamwita kutoka jikoni, nikamwambia gemu linamtaka yeye. Akajifuta mikono, akakaa karibu yangu, akaitazama simu.

"Niunganishwe na nini, wifi? Mimi ni waya?"

Baba Atu alicheka mpaka akaweka kikombe chini, ndipo akatueleza kuwa bando limekwisha.

Lakini Subilaga alikuwa ameshakaa. Bando liliporudi akanitazama nikirusha mipira mitatu, yote ikaenda nje. Akasema, "Wewe unabonyeza kioo kama unapima ndizi kama imeiva. Mpira utatokaje?" Akachukua chungu kimoja, akalowesha kidole, akanionyesha wanavyolainisha mdomo wa chungu kikiwa kibichi. Ukisimamisha kidole katikati, alama inabaki mpaka chungu kinavunjika. Kidole kinaanza, kinapita, kinatoka, hakuna kusita. Akanifanya nizunguke mdomo wa kile chungu mpaka kidole kikakunjamana kwa maji. Alikuwa ananicheka, lakini haniachii.

Jumatano nilipata sita. Atu nane.

Kama kuna mama mwingine anacheza gemu hili, nampa bure nilichojifunza. Siku ya kupasua kakao usicheze kabla hujaosha mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa, ule utelezi ukibaki kidoleni kioo hakikusikii. Usitazame mpira, hauendi kokote, tazama ringi. Ukiwekwa pembeni, usilenge ringi, lenga ubao, mpira ugonge uanguke wenyewe. Halafu kuna kibendera kinaonyesha upepo. Atu hukidharau kwa sababu ni mwepesi wa mkono. Mimi nimepepeta mpunga tangu mtoto, upepo nauelewa: ukitoka kushoto, unarusha kushoto kidogo na kuuachia ukuletee. Na ukitumbukiza mitatu mfululizo, mpira unawaka moto, unaofuata unahesabiwa viwili. Kwa hiyo usikimbilie kumi. Tafuta mitatu mizuri, upumue, ndipo urushe.

Kupumua ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Leo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Mvua ikinyesha hivi mtandao wetu huja na kuondoka. Nilikaa pembe ya baraza ambako unashika kidogo, Subilaga kushoto, mama mkwe kulia. Mama mkwe akatuombea, na akasema amina kabla mimi sijafumba macho. Baba Atu alijifanya anatengeneza mpini wa jembe. Jembe lenyewe ni zima.

Tukaanza. Sikukimbia. Mipira miwili niliikosa, lakini mara moja mpira uliniwakia moto, nikautumbukiza. Nilimaliza nikiwa na tisa. Tisa, mimi. Atu alikuwa na nane na amebakiza mpira mmoja, nao unawaka moto. Akiutumbukiza ana kumi, anakwenda Morogoro. Kibendera kimelala, hakuna upepo. Amewekwa katikati, mbele ya ringi kabisa, mahali ambapo hata mimi sikosi.

Akakaa muda mrefu bila kurusha. Nilidhani mtandao umekata.

Halafu mpira ukaenda, ukapita juu ya ubao, ukapotea.

Subilaga alipiga kigelegele, majirani wakadhani kuna harusi. Mama mkwe anauliza nani amekufa. Baba Atu akanishika bega, akarudi kwenye jembe lake. Wifi, ndaga fijo, asante sana, kidole hiki ni chako.

Mtandao ukaondoka hapo hapo, sijapata neno lolote kutoka kwa Atu. Furaha imenijaa mpaka nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga. Lakini nimekaa nawaza ule mpira. Juu ya ubao? Atu?

Mwanangu, uliniomba nisipige na sipigi. Ila ukisoma hapa nijibu upesi, hata kwa neno moja. Ule mpira ulikosa, au uliukosesha? Kama ulikosa, basi nimekufunga kihalali na maneno yako nimeyashika. Kama uliukosesha, basi ulikuwa unataka kuja nyumbani tangu mwanzo, na hilo kwangu linazidi ushindi wote.

Au acha, usinijibu hilo. Niambie tu unapanda basi la siku gani.