Vishikio Vinne vya Kabati la Meli: Kumkumbuka Mzee Anord Shekiondo

Baba Yudith, hivi ulidhani mkeo haoni? Mwaka umetimia tangu utuache hapa Magamba, na Raheli wako bado anakuuliza hilo kila asubuhi akifungua madirisha.

Tunaukumbuka upole wako. Mtoto akikuamkia, ulilaza randa kwanza, ndipo ukaitika marahaba. Mabenchi ya kanisani ni kazi ya mikono yako, na meza za majirani mpaka leo haziyumbi.

Na ile meli. Futi sita, ya mbao, mfano wa meli uliyoikarabati ukiwa fundi kijana bandarini Tanga. Ilikuchukua miaka tisa. Ilikaa wazi sebuleni, mkeo akiipangusa kwa unyoya wa kuku, maana kitambaa kilinasa kwenye kamba zake za uzi.

Kisha ukaenda hospitali, ukasema ni kupima macho. Uliporudi ukaanza kuijengea meli kabati la vioo, kwa mbao za mkulo, bila msumari hata mmoja. Mkeo alifurahi, mpaka alipoona vishikio vya chuma, viwili kila upande. Tena akakuona unapima mlango wa sebule, ukarudia kuupima. Akasema moyoni, hii meli inaondoka. Tangu hapo mkeo alimtilia shaka kila mgeni aliyeisifu.

Akakuuliza, "Baba Yudith, kitu cha kukaa ndani kinawekewa vishikio vya nini?"

"Vya kushikia, Mama Yudith."

Akamwendea rafiki yako Kristian, aliyekusaidia kukata vioo. "Shemeji, kabati linakwenda kwa nani?"

Kristian akaangalia viatu vyake. "Mimi nilishika kioo tu, shemeji. Muulize mgoshi wako."

Mtu mzima haangalii viatu bure. Mkeo akaacha kuuliza, akaanza kukuchunga. Chai alikuletea karakanani hata hujaiomba, apate kuchungulia. Miezi mitano mkaishi hivyo, wewe unapiga msasa, yeye anahesabu wageni.

Siku ya msiba wako, wanawake walikuwa wanatoa viti nje ili watandike mikeka. Walipofika kwenye meli wakasimama wote. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kristian akaingia. "Watu wanne, shikeni hapo. Alisema siku hii itafika, na watu wa msiba wakitoa vyombo hawaangalii wanapokanyaga."

Wakainua. Kabati likapita mlangoni, limebakiza vidole viwili kila upande, na hakuna uzi uliokatika. Ndipo Kristian akatuambia kwamba ulijua hali yako tangu siku ile ya hospitali, na ulimwapisha asiseme.

Unakumbukwa na mkeo Raheli. Wanao Yudith na Alen. Wakwe zako na wajukuu wote wa Magamba na Mlalo. Pamoja na Kristian, ambaye mkeo amemsamehe, ingawa si kila siku. Jina lako halitatoka vinywani mwetu siku zote za maisha yetu.

Mkeo ameomba neno lake liwe la mwisho, liandikwe kama alivyolitamka kaburini mwezi uliopita, mbele yetu sote:

"Nilitaka uniambie, Anord. Ile miezi mitano ningekaa karibu na wewe, badala ya kukuvizia."