Waya wa Kidhibiti Mwendo

3 Machi

Dada Spana,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kushinda kwenye kiti cha basi. Watoto hawajambo? Gereji inaendeleaje?

Dada, nina shida. Hiki kidhibiti mwendo kinanibana pale pale kwenye themanini. Wenzangu wananipita kama nimeegesha, na abiria wameshaanza kuniita Konokono. Tajiri amesema wazi, nikichelewa tena mwezi huu usukani anampa mwingine. Jumamosi nalileta basi kwako. Wewe ndiye fundi umeme, unajua pa kukata.

Ni mimi mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, watoto wanakusalimia. Natumaini bado una kichwa shingoni, maana nilivyokuona ukitoka getini Jumamosi nilishika moyo.

Waya nimekata na kifaa nimekifunga kwa sili ya bandia, mkaguzi hatagundua. Umenibembeleza mpaka nimekubali, na sijafurahi. Tangu utotoni sijawahi kukunyima kitu, huo ndio ugonjwa wangu. Usizidi tisini, nakuomba.

Dada yako

30 Machi

Mdogo wangu,

Upo hai? Redio imetaja basi lenu. Hospitali hawana jina lako, polisi wananifukuza mlangoni. Nijibu hata neno moja.

Dada

2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nipo mahabusu. Taya langu limefungwa kwa nyaya, kwa hiyo siongei sana, jambo ambalo siku nyingine ungelifurahia.

Nilikuwa mia na thelathini kwenye mteremko wa daraja. Mbele kulikuwa na trekta limebeba vibarua wa shamba la miwa. Breki nilikanyaga kwa miguu yote miwili, basi halikujali. Tuliwapanda. Niliwasikia chini ya sakafu, dada, wakigonga bodi, mpaka basi lilipopinduka. Kondakta alikuwa mlangoni. Mlango ulimkata kiunoni, naye akawa ananiuliza kama tumefika. Vibarua waliopona walinitoa kupitia kioo wakanipiga kwa mapanga yao, kwa bapa kwanza, kisha kwa makali. Siwalaumu. Wamekufa watu kumi na wanne. Kwa themanini ningesimama.

Mpelelezi amegundua sili ni ya kughushi. Nimesema nilikata mwenyewe, hakuniamini. Alhamisi atakileta kile kifaa nimwonyeshe nilivyofanya, nami sijui hata kinafunguliwa wapi. Niambie ni waya wa rangi gani, na umeukatia wapi. Una watoto, mmoja wetu anatosha humu. Barua zote za hapa askari huzisoma, zinazotoka na zinazoingia, ndiyo maana hii nimempa mwenzangu anayeachiwa leo. Jibu mpe yeye, atanipenyezea.

Mdogo wako

4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa taya. Barua yako niliisomea chini ya gari la mteja, nikashindwa kutoka. Nimelia mpaka watoto wameogopa.

Hukuwa peke yako. Kabla ya basi lako nilikuwa nimeshayakatia mengine matatu. Mawili nimeyarudishia waya. Dereva wa la tatu amenicheka, anasema wewe ulikuwa mzembe, yeye ni mzoefu. Leo asubuhi amepita mbele ya gereji akipiga honi, basi limejaa mpaka mlangoni.

Mwenzako alikaa akingoja jibu. Nimempa chai, nikamwambia aende zake. Hii naikabidhi mwenyewe kwenye dirisha la askari.

Afande unayeisoma kabla yake, waya ni wa kijani, umekatwa nyuma ya dashibodi, upande wa kushoto. Niliukata mimi. Mdogo wangu hajui hata kushika bisibisi. Hilo basi la tatu ni la bluu, linaondoka stendi saa nane mchana. Lizuieni hilo kwanza, mimi mje mnichukue baadaye. Nimekaa kwenye benchi nje ya geti lenu.

Dada yake