Mzee Kamaldine na Kamera ya Macho Mawili Tuliyotaka Kuiuza

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukusindikize makaburini baada ya sala ya adhuhuri, Kasongo nzima ikiwa nyuma yako, Waislamu kwa Wakristo, na wenye pikipiki wakizima injini zao kando ya njia. Tunakusalimu. Tuko wazima. Mama naye ni mzima, ila goti linamsumbua wakati wa mvua, na ile dawa yako ya majani bado anaidharau.

Watu wanatusimamisha sokoni kukutaja. Wengi wanaikumbuka kofia yako kuliko uso wako, maana kwa miaka arobaini uliwapiga picha ukiwa umeinama. Uliwaambia wakae, ukafungua kifuniko cha juu cha kamera, ukashusha kichwa na kuwatazama kwenye kile kioo kidogo kilichokaa kifuani mwako. Ulinyamaza mpaka mtu mwenyewe atulie, ndipo ukabonyeza.

Tangu simu zijae mjini, kila mtu ni mpiga picha. Ananyoosha mkono na kukuelekezea usoni, kama askari anayedai karatasi zako. Mabibi wa mtaa wa msikitini waliozikataa kamera zote waliikubali yako, kwa sababu, walisema, huyu hatukodolei macho, anatuinamia. Wewe ulicheka. Ulisema aliyeitengeneza alijua binadamu ana kiburi, akaweka kioo mahali ambapo hata tajiri hana budi kuinama.

Wageni waliogopa yale macho mawili, moja juu ya lingine, wakidhani moja linatazama uso na lingine linatazama roho. Ukawaeleza kwa upole kwamba la juu ni la kwako, la kumwonea mtu, na la chini ni la filamu. Haikudai moto wa umeme wala betri. Filamu moja ilikuwa na picha kumi na mbili tu, na ulizigawa kama nyama ya sikukuu, kila mtu na kipande chake. Hukuchukua chochote kwa mtu kabla hujamwekea picha yake mkononi, hata kama ilikubidi urudi mpaka Kabambare kwa baiskeli. Hilo ndilo walilokupendea zaidi.

Sasa kuna jambo hatujakuambia, Baba, na leo tunalisema mbele ya watu. Tulitaka kuiuza kamera yako. Tuseme kweli yote: aliyetaka ni Zakaria, mwanao wa kwanza, na sisi wengine tulinyamaza. Kunyamaza ni kukubali.

Unamjua Zakaria. Ana duka lake la simu karibu na soko, na kila Ijumaa mlibishana mkiwa mkekani, yeye akiiita kamera yako sanduku la enzi za Nuhu, wewe ukiziita simu zake viberiti. Hakuwa na ubaya. Ila baada ya arobaini yako, Mama akiwa bado ndani ya eda, Zakaria alimwona kila asubuhi akiifuta ile ngozi nyeusi ya kamera kwa ncha ya kitenge, kisha akikaa nayo mapajani. Moyo ulimuuma. Akajishawishi kwamba kamera ikitoka nyumbani, na huzuni itatoka. Na wapo watu mbali huko, Baba, wanaozisaka kamera kama yako kuliko zile mpya. Bwana Placide, mfanyabiashara wa Salamabila, alikuwa amefungua hoteli na alitaka moja ya kuweka kwenye rafu ya mapokezi, ipendeze macho ya wageni.

Zakaria alimuaga Mama asubuhi, kamera ikiwa shingoni. Mama aliitazama, akamtazama na yeye, akamwambia aende salama. Tangu hapo hakulitaja tena jina la mwanawe. Alimpakulia chakula, aliitikia salamu yake, lakini jina hakulitia kinywani. Wewe uliyeishi naye unajua adhabu hiyo ina uzito gani.

Njiani, katika kijiji kimoja cha Wabangubangu upande wa Kabambare, pikipiki aliyopanda ilipata pancha. Dereva akainama kwenye gurudumu, Zakaria akasimama kivulini. Mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo akauona mfuko wa kamera, akaacha ungo na kuja mbio. Alikuwa Mama Pascaline. Yeye na mumewe Gaston uliwapiga picha siku ya harusi yao, na picha ile iliungua pamoja na nyumba mwaka walipokimbia vita. Nawe uliwaahidi kwamba utapita tena na kuwapiga nyingine.

Zakaria hakujua lolote la ahadi hiyo. Ilimlazimu kuwaambia, pale pale barabarani, kwamba umefariki. Gaston alivua kofia. Mama Pascaline alilia kidogo kwa sauti ya chini, akajifuta, kisha akaingia ndani na kutoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Zakaria akajaribu kueleza kwamba yeye si fundi, kwamba anapita tu.

"Mzee alisema atakuja," Mama Pascaline akamjibu. "Sasa weye umekuja na kamera yake. Basi njo yeye amekutuma."

Ungemwambia nini mtu kama huyo, Baba? Ndani ya kamera mlikuwa na filamu uliyoiweka mwenyewe kabla ya kuugua, haijapigwa hata picha moja. Zakaria alikuwa amekutazama tangu utotoni, na wahenga hawakukosea kusema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Akafungua kifuniko, akainama. Hapo mkasa ukaanza, maana alisahau kwamba kioo kile hugeuza, wa kulia akawa kushoto. Alimwambia Gaston asogee, akamwona anaelekea kusiko, akamrudisha, akampoteza, mpaka mzee wa watu akajikuta amesimama katikati ya matuta ya muhogo. Kijiji kizima kilicheka, Zakaria naye akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tukuzike. Mwishowe akatulia kama ulivyotulia wewe, akabonyeza. Alipiga picha tano siku ile, za hao wawili na za majirani zao.

Alifika Salamabila jua likiwa bado juu. Placide aliipokea kamera kwa furaha, akaigeuza huku na huku, akaisifu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kisha akatafuta kile kifungio cha chini ili afungue mgongo wake na aone ndani palivyo. Zakaria akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Usifungue," akasema. "Ndani iko watu."

Placide alidhani ni utani. Akasema filamu kuukuu kama hiyo ni ya kutupa, aingize mwanga tu yaishe. Zakaria anatuambia kwamba naye alilishangaa neno lililomtoka, lakini alipolisikia alijua ni kweli. Wale walikuwa wamemngoja fundi miaka mingi, wamekaa mbele yake kwa adabu, na sasa dakika moja ya mwanga ingewafuta wote. Alimwomba Placide radhi, akaivaa kamera shingoni, na asubuhi yake akashika njia ya kurudi Kasongo.

Faida, binti yako, aliyekushikia taa nyekundu katika chumba chako cha giza tangu akiwa shuleni, alikataa katakata kuitoa filamu. Alisema Baba hakuwahi kukatisha filamu katikati, na picha saba zilikuwa zimebaki. Ikambidi kaka yake azitafute sura saba. Alihangaika majuma mawili, akafika hadi Nyangwe kumpiga picha mvuvi mmoja aliyekataa kutabasamu. Faida alipoisafisha filamu chumbani mwako, akalaza kila picha ya filamu juu ya karatasi ya picha na kuimulika kwa tochi kwa hesabu ya moja mpaka tatu, tulihesabu hasara. Moja ilitetemeka. Moja haikuwa na kichwa. Kwenye nyingine alisahau kusogeza filamu, na wauza samaki wawili wasiopatana walitoka wamepakatana, nao mpaka leo wanamlaumu. Lakini Gaston na Mama Pascaline walitoka wazi, hata mishono ya kitenge ilihesabika.

Zakaria mwenyewe aliwapelekea picha yao. Mama Pascaline alinawa mikono kabla ya kuipokea, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule mnene pembeni ya Gaston ni yeye kweli. Gaston akasema ni yeye, na amepungua. Zakaria alirudi na kuku wawili.

Pamoja na hayo yote, Baba, Mama hakulitaja jina lake. Kamera ilirudi mahali pake, bado kimya. Kuku waliliwa, bado kimya. Eda ikaisha, Mama akatoka nje na kusalimiana na mtaa mzima, na bado mwanawe wa kwanza alikuwa "wewe hapo" na "huyo". Zakaria akaacha kujitetea. Duka la simu alimwachia mke wake kila alasiri, yeye akashinda chumbani mwako na Faida, akijifunza kuchanganya dawa za kusafishia picha na kuharibu karatasi, kisha kuharibu kidogo zaidi, kisha kutoharibu. Watu walianza kuja. Mabibi wa mtaa wa msikitini walituma mmoja wao kwanza, kupeleleza kama mtoto anainama kama babake. Alirudi na habari njema.

Mwezi uliopita Placide alikuja Kasongo kwa biashara zake, akapiga hodi nyumbani. Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele. Placide alisalimu vizuri, akasema bado anaihitaji ile kamera kwa ajili ya rafu yake, maana yule fundi mwenyewe alishakufa.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Yule alikufa," akasema. "Fundi Zakaria iko kazini. Kama unataka picha, keti, atakuita."

Zakaria alikuwa nyuma ya ukuta, akianika filamu kwenye kamba. Alisikia. Faida anasema aliweka vibanio chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kama mtoto.

Wanaokukumbuka kwa upendo: mkeo Mama Aicha, wanao Zakaria, Faida na Abdallah, wakwe na wajukuu, ndugu na jirani wote wa Kasongo, Nyangwe na Kabambare. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Mwaka huu hukututoka mioyoni hata siku moja, na miaka yote ijayo itakuwa hivyo hivyo.